Taa ya kijani haitoshi: kutafuta ugonjwa wa poti ya Ethernet kwenye swichi

Mtu akikupigia simu kusema "mtandao haufanyi kazi", bado hajakuambia kitu. Muulize mambo mawili kabla hujainuka kitini: je, taa ya poti (tundu la kebo kwenye swichi) inawaka? Na shida ni kukosa mtandao kabisa, au upo ila unasuasua? Majibu hayo mawili yatakuondolea nusu ya safari, kwa sababu poti iliyokufa na poti inayougua hazitibiwi kwa dawa moja.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kila waya una ncha mbili, na kila ncha ina maoni yake. Matatizo mengi ya poti niliyowahi kuyashughulikia yalikuwa ugomvi wa ncha hizo: huku wanadhani ni hivi, kule wanadhani ni vile, na kila upande ukiutazama peke yake unaonekana hauna kosa. Basi usimalize uchunguzi kabla hujaona pande zote mbili.

Amri ninazotumia hapa ni za mtindo wa Cisco IOS (programu inayoendesha swichi za Cisco), maana swichi za kampuni nyingine nyingi zinafanana nazo. Hata kama yako inasimamiwa kwa kurasa za kivinjari, taarifa ni zilezile, zimekaa mahali pengine tu.

Anza hapa:

```
swichi# show interfaces status

Port      Name      Status        Vlan  Duplex  Speed
Gi1/0/3   hesabu    connected     20    a-full  a-1000
Gi1/0/7   seva      connected     20    full    100
Gi1/0/9   printa    notconnect    20    auto    auto
Gi1/0/12  mapokezi  err-disabled  30    auto    auto
Gi1/0/15            disabled      1     auto    auto
```

Wengi husoma safu ya hali na kuishia hapo. Mimi jicho langu hukimbilia herufi ndogo "a" kwenye Gi1/0/3. Maana yake ni kwamba kasi na dupleksi (yaani kama kutuma na kupokea ni kwa wakati mmoja au kwa zamu) zimepatikana kwa mapatano na kifaa cha upande wa pili. Gi1/0/7 haina "a": kuna mtu aliyeandika 100 na full kwa mkono. Hata kabla ya kusikia malalamiko yoyote, poti hiyo naishuku.

Taa imezima kabisa

Kama hali ni `disabled`, hakuna ugonjwa. Poti imefungwa kwa amri ya `shutdown`, na `no shutdown` ndiyo dawa. Ila uliza kwanza ni nani aliyeifunga na kwa nini. Poti isiyotumika hufungwa makusudi kwa usalama, na ukiifungua ovyo unaruka majivu na kukanyaga moto.

Kama ni `notconnect`, swichi haisikii ishara yoyote ya maana kutoka upande wa pili. Badilisha kebo fupi kwa nyingine unayoijua kuwa nzima. Hamishia kifaa kwenye poti nyingine. Hakikisha kifaa chenyewe kimewashwa. Usicheke, hili hutokea kila mara. Kama kifaa kinakula umeme kupitia kebo, kama simu ya IP au kamera, angalia `show power inline`, kwa sababu huenda swichi imeishiwa bajeti ya umeme na kifaa cha mwisho kuchomekwa kimenyimwa. Kiwango cha kwanza cha 802.3af kinaishia wati 15.4 kwa poti, na kile cha 802.3at wati 30, kwa hiyo kamera yenye mota na kipasha joto inaweza kukataa kuwaka kwenye swichi ya zamani hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Kwenye faiba (waya unaopitisha mwanga) mambo ni tofauti kidogo. Moduli, yaani kidude kinachochomekwa kwenye swichi kupokea faiba, ya gigabiti 10 na ya gigabiti 1 hazitapatana hata ukizibembeleza. Moduli ya mawimbi ya nanomita 850, inayotumia faiba ya njia nyingi, haiongei na ile ya nanomita 1310 ya njia moja. Nyuzi mbili nazo lazima zipishane, anayetuma huku aelekee anayepokea kule. Amri ya `show interfaces transceiver detail` itakuonyesha nguvu ya mwanga unaoingia, na ukiona karibu na −40 dBm ujue hakuna mwanga. Usiweke jicho kwenye faiba kuuangalia: mwanga huo hauonekani, lakini macho unaweza kuyadhuru.

Kuna kisa kimoja cha faiba ya gigabiti 1 kinachowachanganya hata wazoefu. Upande mmoja unaonyesha poti imepanda, upande wa pili imeshuka. Hapo karibu kila mara upande mmoja umezimiwa mapatano na mwingine bado unayasubiri. Yaweke sawa pande zote.

Taa inawaka, lakini kazi inatambaa

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapopoteza siku nzima.

Niliwahi kuitwa ofisi moja ambako seva ya mafaili ilikuwa "inachoka mchana". Asubuhi mapema ilikuwa sawa. Watu wakijaa, kunakili faili la megabaiti mia kadhaa kulichukua muda wa kunywa chai na kurudi. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshabadilisha diski za seva na kuongeza kumbukumbu. Alikuwa amejaribu `ping` pia, ikajibu vizuri bila kupoteza hata moja, kwa hiyo akauondolea mtandao lawama. Poti ya seva kwenye swichi ilikuwa hivi:

```
swichi# show interfaces gi1/0/7
  Full-duplex, 100Mb/s
  18422 runts, 0 giants, 0 throttles
  41907 input errors, 23485 CRC, 0 frame
  0 output errors, 0 collisions, 0 late collision
```

Swichi iliandikwa kwa mkono kasi 100, dupleksi kamili. Kadi ya seva iliachwa kwenye mapatano ya kawaida. Hebu fuata kinachotokea. Kadi ya seva inatuma ishara za mapatano, lakini swichi imeambiwa isipatane, kwa hiyo hainyanyui mdomo. Kadi inaweza kuitambua kasi ya 100 kutokana na mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haitambuliki kwa njia hiyo. Kanuni za Ethernet zinasema ukikosa jibu, chukua nusu dupleksi. Basi swichi inaongea na kusikiliza kwa wakati mmoja, na seva inaamini kwamba anayeongea ni mmoja tu kwa zamu.

Seva ikiwa katikati ya kutuma fremu (kifurushi kimoja cha data), swichi nayo inatuma yake. Kwa seva hiyo ni ajali, kwa hiyo inakata fremu yake katikati. Swichi inapokea kipande kilichokatika na kukihesabu kama kilema: kifupi kupita kiasi, au chenye jumla ya ukaguzi isiyolingana. Kwenye kadi ya seva, kosa hilohilo linaandikwa kama mgongano uliochelewa, yaani uliotokea baada ya baiti 64 za mwanzo kupita. Kumbuka jozi hiyo: makosa ya CRC (hiyo jumla ya ukaguzi isiyolingana) na vipande vifupi upande wa dupleksi kamili, migongano iliyochelewa upande wa nusu. Ukiona vyote viwili kwenye waya mmoja, huna haja ya kupiga ramli.

Na `ping` je? `Ping` hutuma pakiti moja, inangoja jibu, halafu inatuma nyingine. Pande mbili hazikutani njiani. Kunakili faili ni tofauti, kwa sababu data inamiminika upande mmoja huku risiti za kupokea zikirudi upande wa pili muda wote. Ndiyo maana seva ilikuwa nzima asubuhi na hoi mchana.

Dawa ilikuwa mistari miwili:

```
interface gi1/0/7
 speed auto
 duplex auto
```

Kuna imani ya zamani kwamba seva na ruta ziandikwe kasi kwa mkono ili "zitulie". Ilikuwa na mantiki miaka ya 1990, mapatano yalipokuwa mageni na kadi nyingi hazikuyafuata sawasawa. Leo naiona ni desturi ya kurithi tu. Kwenye gigabiti ya waya wa shaba mapatano ni lazima kwa kanuni, kwa kuwa pande mbili zinahitaji pia kukubaliana nani ataongoza saa na nani atafuata. Acha mapatano pande zote. Ukilazimika kuandika kwa mkono kwa sababu ya kifaa kikongwe, andika pande zote mbili maneno yaleyale, na ujue kwamba uwezo wa swichi kujigeuzia waya wa kutuma na wa kupokea unategemea mapatano hayohayo. Poti inaweza kuzima papo hapo hadi utafute kebo ya kupishana.

Sasa, kama dupleksi ni sawa pande zote na bado CRC inapanda, mshukiwa ni waya. Kwanza futa kaunta kwa `clear counters gi1/0/7`, halafu subiri kazi ipite. Kaunta hazina tarehe: makosa 20,000 yanaweza kuwa ya mwaka jana, siku waya ulipokanyagwa na meza. Kinachokuhusu ni namba inayoongezeka mbele ya macho yako.

Dalili nyingine ya waya ni poti ya gigabiti inayoganda kwenye 100. Kasi ya 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti inataka jozi zote nne. Mapatano yenyewe hufanyika juu ya jozi zile mbili za mwanzo, kwa hiyo vifaa vinaweza kukubaliana gigabiti kwa moyo mkunjufu, kisha vikashindwa kwa sababu uzi wa buluu umekatika ndani ya plagi. Kadi nyingine hurudi zenyewe hadi 100. Nyingine hupanda na kushuka bila kikomo. Mtumiaji hulalamika kwamba mtandao "unakuja na kwenda", kumbe ni pini moja haijabanwa hadi chini.

Kuna kosa la ubanaji linalopita hata kipimo cha bei rahisi chenye vitaa vinane. Fundi anapanga nyuzi kwa jozi za mfululizo, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, pande zote mbili zikifanana. Vitaa vyote vinawaka kwa mpangilio, lakini pini 3 na 6 zimepewa nyuzi za jozi tofauti, zisizosokotana. Kusokotana ndiko kunakozuia nyuzi kuingiliana. Matokeo yake ni waya unaofanya kazi ukiwa mfupi na kutoa CRC ukiwa mrefu. Mpangilio wa T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia jinsi kijani inavyoruka juu ya buluu. Ukiona plagi ambayo kijani haijairuka buluu, ikate ubane nyingine. Pima urefu pia, kwani waya wa shaba una mita 100 tu, kebo fupi za mwanzo na mwisho zikiwemo.

Swichi nyingi zinaweza kuupima waya zenyewe: `test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/7`, kisha `show cable-diagnostics tdr` kwa poti ileile. Itakuambia jozi gani imekatika na takribani mita ngapi kutoka kwenye swichi. Fanya hivyo wakati hakuna kazi, maana kipimo kinaweza kukata mawasiliano kwa muda.

Na kama CRC ni sifuri, lakini `Total output drops` inapanda, acha waya upumzike. Swichi inapokea kwa kasi kuliko inavyoweza kutoa, kwa mfano data inaingia kwa gigabiti 10 na kutokea kwenye poti ya gigabiti 1. Foleni ikijaa, fremu zinamwagwa. Hapo unahitaji njia pana zaidi au kupanga vipaumbele, na koleo la kubania halitasaidia.

Swichi imeifunga poti yenyewe

Hali ya `err-disabled` ni swichi kusema: nimeona kitu sikipendi. Kosa kubwa hapa ni kukimbilia `shutdown` na `no shutdown` bila kuuliza sababu. Poti itafunguka, mtu atashukuru, na baada ya dakika tano simu inalia tena. Sababu inaandikwa wazi:

```
swichi# show interfaces status err-disabled
```

Ukisoma `psecure-violation`, idadi ya anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) imezidi ile iliyoruhusiwa. Ulinzi wa poti ukiwashwa bila kutaja idadi, huruhusu anwani moja tu. Simu ya IP yenye kompyuta nyuma yake ni anwani mbili tayari, kwa hiyo mapokezi hufungiwa siku ileile simu mpya inapoletwa. Ongeza idadi.

Ukisoma `bpduguard`, poti ya mtumiaji imepokea ujumbe ambao swichi hutumiana. Huenda mtu amechomeka swichi iliyoletwa ili "kuongeza tundu", au kebo imetoka kwenye soketi moja ya ukuta na kurudi kwenye soketi nyingine. Usiizime kinga hii. Itafute hiyo swichi au kebo. `link-flap` maana yake poti imepanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde chache, na hapo rudi kwenye habari za waya hapo juu.

Unaweza kuiambia swichi ijifungulie poti baada ya muda, kwa `errdisable recovery cause` ikifuatiwa na jina la sababu. Muda wa kawaida ni sekunde 300. Mimi huiwasha kwa link-flap pekee. Kwa bpduguard nataka nijue kwanza.

Taa ipo, kaunta safi, lakini kompyuta haipati anwani

Kama kompyuta inakosa anwani ikiwaka, kisha inaipata ukingoja kidogo na kuiomba tena, tatizo ni muda. Poti ya kawaida inayolindwa dhidi ya mizunguko husikiliza sekunde 15 na kujifunza sekunde 15 kabla ya kupitisha chochote. Kompyuta za sasa huwaka na kukata tamaa kabla ya sekunde 30 kuisha. Weka `spanning-tree portfast` kwenye poti za watumiaji, pamoja na bpduguard, na usiweke kwenye poti inayoelekea swichi nyingine.

Kama haipati kabisa, angalia VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile). Endesha `show interfaces gi1/0/12 switchport`. Ukiona `Access Mode VLAN: 30 (Inactive)`, poti imepelekwa kwenye VLAN ambayo haipo kwenye swichi hii: haikuundwa, au imefutwa na mtu aliyekuwa anafanya usafi. Iunde na poti itazinduka.

Kwenye trunki (waya unaobeba VLAN nyingi kwa pamoja) kati ya swichi mbili, dalili ni VLAN moja kupotea huku nyingine zikipita. Linganisha `show interfaces trunk` pande zote mbili. Na hapa kuna amri ambayo imewatoa jasho mafundi wengi, mimi nikiwemo:

```
switchport trunk allowed vlan 30
```

Aliyeiandika alitaka kuongeza VLAN 30 kwenye orodha. Amri hii haiongezi, inafuta orodha yote na kuacha 30 peke yake. VLAN ya usimamizi inakatika, kikao chako kinaganda, na ghorofa nzima inakosa mtandao. Neno lililokosekana ni `add`, yaani `switchport trunk allowed vlan add 30`. Lisome mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza.

Ukikuta kwenye kumbukumbu ujumbe wa `NATIVE_VLAN_MISMATCH`, pande mbili za trunki hazikubaliani ni VLAN gani isiyobeba lebo. Trafiki ya VLAN moja inamwagikia kwenye nyingine. Usiuzoee ujumbe huo kwa vile tu kazi zinaendelea.

Vidogo vinapita, vikubwa vinakwama

Unaingia kwenye seva, unaona orodha ya mafaili, ukifungua faili kubwa kila kitu kinasimama. Shuku ukubwa wa fremu, hasa kama mtu amewasha fremu kubwa za baiti 9000 kwenye seva lakini akasahau swichi iliyo katikati. Swichi haitoi taarifa kwa anayetuma. Inaitupa fremu kimya. Jaribu kwa pakiti isiyoruhusiwa kukatwa: kwenye Linux `ping -M do -s 8972`, kwenye Windows `ping -f -l 8972`. Baiti 28 zilizobaki kufika 9000 ni za vichwa vya IP na ICMP. Ikikataa 8972 na kukubali 1472, umempata.

Poti zilizounganishwa pamoja, moja imesusa

Hapa sina mengi. Tazama `show etherchannel summary`. Herufi ndogo "s" baada ya jina la poti maana yake imesimamishwa, na kwa kawaida ni kwa sababu kasi yake, dupleksi yake au orodha yake ya VLAN haifanani na ya wenzake. Fanya mabadiliko kwenye `Port-channel`, usimguse mwanachama mmojammoja.

Jana ilipona, leo imerudi

Umeme ulikatika usiku? Basi ulirekebisha kwenye kumbukumbu ya muda na hukuhifadhi. `copy running-config startup-config`, mara tu unapothibitisha kwamba marekebisho yanafanya kazi.

Kuna hali moja ambapo kutohifadhi mapema ndiko kunakokuokoa. Ukibadilisha poti ambayo wewe mwenyewe unaingilia kutoka mbali, anza na `reload in 10`. Swichi ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu hapana. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi itajiwasha upya na kurudi kwenye mipangilio ya zamani. Ukifaulu, andika `reload cancel`, kisha uhifadhi. Nimewahi kufaulu, nikafurahi, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi swichi ilikuwa inawaka upya, na kazi yote imefutika.